Nyumba ya Makomeo na Mkasi wa Dakta Kilongola

Sisi wenzake wa kamati ya istilahi tulipomuuliza Dakta Hemedi Kilongola alifikaje Unakala, alikohoa, akafuta miwani, akasema safari yenyewe haikuwa na la kusimulia. Tunamjua kuwa ni mtu wa kufuta miwani kila anapobanwa, kwa hiyo tukamwachia. Na wewe msomaji mwachie. Alifika, na yaliyomkuta huko ni haya, kama alivyotusimulia mara tatu, kila mara akijipunguzia sifa kidogo.

Alikwenda na mkoba, miwani ya akiba, na kamusi yake ya bayoteknolojia yenye maneno mia nne na kumi na mawili. Kamusi hiyo ilimchukua miaka sita, nasi tulimsaidia kwa chai, sambusa na ubishi. Neno "jeni" peke yake lilikula Jumanne zetu tatu nzima, na Jumanne ya tatu mwenyekiti wetu alitoka nje kwa hasira akasahau kofia. Lakini si Hemedi wala sisi aliyewahi kuingia maabara. Ipo moja njiani tunapokwenda kula, inanuka dawa, na kila mara tuliipita kwa mwendo wa haraka. Hemedi alijua majina ya vitu mia nne na kumi na mawili na hakuwahi kushika hata kimoja. Leo analisema hilo akicheka, ila zamani zile ungemwambia wewe, angekununia mwezi mzima.

Unakala ni nchi ya nyumba zisizohesabika, zote za mviringo, zimebanana ukuta kwa ukuta. Katikati ya kila nyumba kuna chumba cha ndani, na ndani ya chumba hicho kuna Kitabu. Usidhani ni sura moja au muhtasari. Ni Kitabu kizima, chenye maagizo ya kutengeneza kila kitu cha nchi nzima, kuanzia vigae vya paa hadi rangi za milango. Tena kina juzuu mbili, moja ya ukoo wa mama na nyingine ya ukoo wa baba, nazo husema karibu mambo yaleyale. Hemedi alipoelezwa hayo alijipiga paji la uso. "Kumbe hii ndiyo seli," alijisemea, "na kile chumba ndicho kiini, na Kitabu ndicho DNA yenyewe!" Alifurahi kama mtu aliyekutana ana kwa ana na mkwe aliyekuwa akimwandikia barua tu.

Kila nyumba, basi, ina Kitabu kizima, lakini sheria inairuhusu kufungua kurasa za kazi yake tu. Nyingine zote zimeshonwa kwa uzi. Nyumba ya wafinyanzi inazo kurasa za uhunzi, na mhunzi anazo za ufinyanzi, na hakuna kati yao aliyewahi kuzisoma. Hemedi aliuliza kwa nini kila nyumba isipewe kurasa zake peke yake.

"Tutazigawaje bila kuzisoma?" alijibiwa. "Na tutazisomaje nazo zimeshonwa?"

Aliandika katika daftari lake kwamba watu hawa wana utaratibu. Aliona kama yuko katika idara yetu, ambako kila mtumishi amepewa mwongozo wote wa kazi na ukurasa uliochakaa ni wa likizo tu.

Alipokewa katika nyumba ya makomeo, yanakotengenezwa makomeo ya milango ya mtaa mzima. Mkuu wa nyumba hiyo alikuwa Bi Nyamizi, mwanamke wa makamo mwenye sauti nzito na viganja vyenye sugu. Alizaliwa humo, na mama yake alizaliwa humo.

"Karibu, Dakta," alimwambia. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Utapona, mama," Hemedi alijibu. "Nimekuja na kamusi."

Bi Nyamizi alimtembeza akamwonyesha kazi. Kitabu hakitoki chumba cha ndani hata siku moja. Makomeo yakihitajika, mnakili huingia, hunakili ukurasa wa makomeo kwenye kikaratasi chepesi, kisha hukimbia nacho karakana. Mafundi wa karakana huzisoma alama za kikaratasi tatu-tatu, wala si mbili wala si nne, na kwa kila alama tatu hutunga ushanga mmoja katika uzi. Wakifika alama ya mwisho huuachia uzi sakafuni. Hapo ndipo Hemedi alipoacha mdomo wazi, kwa maana ule uzi wa shanga ulijikunja wenyewe, ukajipinda huku na huku, ukawa komeo gumu lenye ulimi na tundu, tayari kwa mlango. Halafu mafundi wakakichana kikaratasi.

"Mbona mnakichana?"

"Kisije kikasomwa tena kesho," alisema Bi Nyamizi. "Kesho ina haja zake."

"Protini!" Hemedi alipaza sauti, maana hatimaye alikuwa ameiona. Mafundi waliinua macho, wakaitikia kwa adabu, wakarudi kwenye shanga zao.

Jambo moja Hemedi aliliona mapema na hakulipa uzito. Watu wa Unakala hawaulizi nani ameandika. Kilichomo Kitabuni hukifanya, na kisichokuwemo hawakikumbuki kamwe, hata kama jana kilikuwemo. Ungeandika humo kwamba kila komeo lipigwe busu, wangelipiga busu kuanzia asubuhi ile, na wajukuu wao wangekuapia kwamba ndiyo mila.

Sasa, katika chumba kile cha Kitabu kulikuwa na mtu mmoja aliyemkera Hemedi tangu siku ya kwanza. Aliitwa Bwana Chilumba, mnene, mpole, na kazi yake ilikuwa kukaa. Kabla ya ukurasa wa makomeo palikuwa na ukurasa uliojaa alama moja tu, imerudiwa mstari baada ya mstari kutoka juu hadi chini, na Bwana Chilumba alikaa kitako juu ya ukurasa huo. Mnakili alikuja, akamkuta amekaa, akarudi alikotoka. Baada ya muda Bwana Chilumba alisimama, akajinyoosha, na mnakili akaingia kunakili. Kisha mtu alimletea komeo kutoka ghalani, naye akalishika mkononi, akalitazama, akakaa tena.

Hemedi ana chuki ya siku nyingi na watu waliokaa, ingawa kazi zake zote amezifanya akiwa kitini.

"Bwana, kazi yako hapa ni ipi hasa?"

"Kukaa."

"Na ukimaliza kukaa?"

"Nasimama."

"Halafu?"

"Nikisimama wenzangu wanafanya kazi. Nikikaa wanapumzika."

Hemedi aliona kwamba anadharauliwa. Akaukagua ukurasa wenyewe, na jicho lake la uhariri likauma. Katika kamati yetu kurudia neno mara mbili ni aibu, mara tatu ni kesi. Hapa alama ileile ilikuwa imerudiwa mara mia tatu! Akaamua papo hapo kwamba ni takataka, mabaki ya wanakili wazembe wa kale, na kwamba Bwana Chilumba ni mtumishi hewa aliyejitafutia mahali pa kusinzia juu ya takataka hizo.

"Ukurasa huu hauna kazi," alimwambia Bi Nyamizi.

"Nimeukuta hapo, Dakta. Hata mama yangu aliukuta."

"Ndivyo uchafu unavyodumu, mama. Kila mtu anaukuta."

Yako mataifa ambako mgeni akisema hivyo hupewa maji ya kunywa na kuelekezwa njia ya kurudi kwao. Unakala si mojawapo. Sheria yao inasema mtaalamu mwenye karatasi ya mhuri apewe Mkasi, na Hemedi karatasi ya mhuri anayo, tulimgongea sisi wenyewe. Mkasi huo ni wa ajabu. Unaandika kwenye kibanzi maneno unayotaka yakatwe, unakichomeka kibanzi kwenye mpini, na mkasi unatambaa wenyewe juu ya Kitabu, ukurasa kwa ukurasa, hadi uyakute maneno hayo, kisha unakata hapo hapo bila kukosea hata unywele. Ni kifaa chenye shabaha kuliko mwanasheria. Kitu kimoja tu haujui, nacho ni kuuliza kwa nini.

Hemedi aliandika alama ile kwenye kibanzi kwa mwandiko wake mzuri. Mkasi ukatambaa katika juzuu ya mama, ukakata.

"Ya baba tuiache, Dakta?" aliuliza Bi Nyamizi. "Huenda ikaja haja."

"Ya nini kufagia chumba nusu?"

Ukakata na ya baba. Kurasa zilizokatwa zilitiwa jikoni zikachemshia uji. Bwana Chilumba alizunguka chumba na komeo lake mkononi, akipapasa kwa makalio huku na huku.

"Sasa mimi nikae wapi?"

"Nyumbani kwako, bwana. Umestaafu."

Mafundi walicheka. Hemedi naye alicheka, na ni sehemu hii ya hadithi anayoisimulia akitazama viatu vyake.

Siku ya kwanza makomeo yaliongezeka maradufu. Hemedi aliandika taarifa ya kurasa tatu, akalipa tukio hilo jina, na jina akalipigia mstari. Siku ya pili ghala lilijaa. Siku ya tatu makomeo yalikuwa ukumbini, vitandani, ndani ya vyungu. Bi Nyamizi alisimama katikati ya karakana akaamuru kazi isimame.

"Kikaratasi kimefika, mama," walisema mafundi bila kuinua vichwa. "Kikifika tunasoma."

Akamkimbilia mnakili.

"Ukurasa uko wazi, mama. Ukiwa wazi nanakili."

Kila mmoja alikuwa sahihi, na nyumba ilikuwa inazama. Bwana Chilumba alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha ndani, makomeo mikono miwili, makomeo mifukoni, machozi yakimtiririka. Alikuwa ameambiwa na kila komeo kwamba wakati wa kukaa umefika, na hakuwa na pa kukaa.

Siku ya tano ikawa mbaya zaidi. Nyumba, kwa kukosa nafasi, ilianza kunakili Kitabu chake chote ili ijigawe iwe nyumba mbili, na bila shaka Kitabu cha pili nacho hakikuwa na ule ukurasa. Kuta zilivimba zikasukuma nyumba za jirani. Hemedi alifungua kamusi yake akatafuta msaada. Alikuta majina ya yote yaliyokuwa yakiwapata, yamepangwa vizuri kwa alfabeti. Tiba haikuwemo.

Asubuhi ya siku ya sita alikuja Mkaguzi Ligwa. Huyu ni mtu mrefu, mkimya, anayepita nyumba hadi nyumba kusoma Vitabu na kutafuta makosa. Akikuta kosa katika juzuu moja, hunakili sahihi kutoka juzuu ya pili, yakaisha. Likiwa katika zote mbili, sheria inataka nyumba ijivunje yenyewe. Hakuna moto wala rungu. Wenye nyumba huzifungua kuta, huvifunga vyote katika mafurushi, na majirani huja kuchukua boriti na vigae wakajengee kwao. Wenyewe hutawanyika kuanza upya katika nyumba za wengine.

Ligwa alisoma juzuu ya mama, akasoma ya baba, akafunga zote.

"Mtaalamu ni nani?"

"Ni mimi," alisema Hemedi.

"Sheria inanitaka niandike kauli yako. Ukurasa uliokatwa ulikuwa na kazi au haukuwa na kazi? Kama haukuwa na kazi, Kitabu hiki ni kizima na nyumba inabaki. Nitarudi baada ya mwezi."

Bi Nyamizi alimvuta Hemedi kando, nyuma ya lundo la makomeo. Sauti yake nzito ilikuwa imepasuka.

"Sema haukuwa na kazi, Dakta. Si ndivyo ulivyoniambia? Mimi nimezaliwa chumba kile pale. Mama yangu amefia kile. Haya makomeo nitayatoa nje kwa mikono yangu kutwa kucha, nakuapia. Usinivunjie nyumba."

Hemedi anakiri kwamba alitaka kusema hivyo, na alitaka sana. Angeiokoa nyumba ya mama wa watu na angeliokoa jina lake kwa sentensi moja, tena sentensi ambayo alikwisha kuiandika mwenyewe katika kamusi, kuhusu sehemu za DNA zinazojirudia, na kamati nzima ikaipitisha kwa kuinua mikono, tukawahi chakula. Angerudi nyumbani na taarifa yake ya kurasa tatu. Sisi tungempigia makofi. Aliipanga kauli mdomoni, akaipa kitenzi kizuri.

Kisha akasikia ukuta unalia. Aligeuka akaona ufa mpana kama kiganja upande wa jirani, na ndani ya ufa vidole vya mtu. Vilikuwa vinaziba kwa udongo mbichi. Viliziba, ukuta ukasukuma, udongo ukaanguka, vikaanza tena. Mwenye vidole hakupiga kelele wala hakutukana. Alikuwa anahangaika tu kuokoa nyumba yake, na hakujua hata adui yake ni nani.

Hemedi alirudi kwa mkaguzi. Hakufuta miwani.

"Andika hivi," alisema. "Sikujua kazi yake. Nilikata nisichokijua kwa sababu sikukielewa, na nikaona haya kusema sielewi. Tangu nikate, nyumba hii haijui kuacha. Ulikuwa na kazi. Kosa ni langu, si la Bi Nyamizi, wala si la huyu Bwana Chilumba."

Ligwa aliandika polepole.

"Wewe ni wa tano kupewa mkasi huo tangu nianze kazi," alisema bila kumtazama. "Wanne wa kwanza waliniambia haukuwa na kazi."

"Na nyumba zao?"

"Kata ya Kusini yote."

"Iko wapi hiyo? Sijaiona."

"Hukuiona kwa kuwa haipo."

Bi Nyamizi hakusihi tena. Alimtazama Hemedi kwa muda, kama mtu anayetazama sahani iliyovunjwa na mtoto wa wageni, kisha akaingia ndani, akapanda juu ya lundo, akaanza kufungua kamba za ukuta wa kwanza kwa mikono yake. Mnakili aliletewa amri ya mkaguzi, akaweka kalamu. Karakana ikanyamaza. Bwana Chilumba alitua makomeo yake moja moja, akakaa sakafuni akaegemea ukuta, akashusha pumzi ndefu ambayo chumba kizima kiliisikia.

Hemedi alimfuata Bi Nyamizi.

"Mama, naomba radhi."

"Usiniombe sasa, Dakta. Sina pa kuiweka."

Alisimama pale na mkoba wake. Majirani walianza kuja, wanaume kwa wanawake, kimya kimya, kila mmoja na kamba yake. Walizikung'uta shanga kutoka kwenye makomeo wakazitia vikapuni, maana shanga ni shanga, zinafaa kazi nyingine. Waliteremsha vigae wakavipanga. Walimpisha Bi Nyamizi kila alipopita na kumgusa bega. Hakuna aliyemwomba Hemedi kitu, na kwa watu kama sisi hakuna adhabu kubwa kuliko kusimama mahali penye kazi bila mtu kuhitaji maoni yako.

Mwanamke mmoja mwenye udongo mkavu vidoleni alikuwa anahangaika na boriti ya kati, peke yake. Hemedi aliweka mkoba chini, akavua koti, akamwendea.

"Nawe ni nani?" mwanamke alimuuliza. "Sijakuona mtaani."

Hemedi alikuwa na majibu mengi ya swali hilo, mengine yana mhuri.

"Ni mimi niliyekata."

Mwanamke alimpima kuanzia kichwani hadi miguuni. Kisha akasogea pembeni.

"Basi shika huku," alisema. "Huku ndiko kuzito."